Marando ya viazi ni mbegu, usiyakate kama malisho

Mtu akikuambia "nikatie marando", muulize kwanza ni ya nini. Shina hilohilo la kiazi kitamu linalotambaa juu ya tuta hubadili jina kulingana na kazi. Likikatwa la kupanda huitwa kipando, na wengi husema tu mbegu. Majani yake machanga yakifungwa mafungu sokoni ni matembele. Yanayobaki baada ya kuvuna ni marando ya ng'ombe na mbuzi. Makosa mengi ya kilimo cha viazi yanaanzia hapa: mkulima anakata mbegu kwa mkono uleule wa kukata malisho, anazoa kuanzia shinani, halafu anavuna viazi vyenye matundu na uchungu.

Fukusi ni mdudu anayetoboa viazi, na jike lake hutaga mayai kwenye viazi na kwenye shina kuukuu karibu na udongo. Ukipanda sehemu hiyo, umemhamishia funza kwenye tuta jipya kwa mikono yako. Kata ncha, sentimita 25 hadi 30. Mbegu ikiwa haba, chukua na kipande kinachofuata, lakini sentimita 15 za chini ziache palepale.

Sasa lishike rando uliangalie. Pale jani linapotokea ndipo kwenye kifundo, na pembeni mwake mara nyingi utaona vinundu vidogo vyeupe: hiyo ni mizizi inayosubiri udongo. Viazi hutoka kwenye vifundo vilivyofukiwa, si kwenye sehemu inayobaki juu. Kwa hiyo fukia theluthi mbili za kipando, kwa mshazari, chipukizi likitazama juu. Anayechomeka kifundo kimoja tu atapata majani mengi na viazi vya kuhesabu.

Kwa matuta yaliyoachana mita 1 na vipando vilivyoachana sentimita 30, ekari moja hula vipando kama 13,500. Usinunue kwa kukadiria gunia kwa macho. Ukishakata, ondoa majani ya chini, weka kivulini penye ubaridi, na upande ndani ya siku mbili au tatu. Kuyafungia marando kwenye mfuko wa plastiki ni kuyapika. Yanapata joto na kuoza.

Kabla ya kukata, kagua shamba. Mmea uliodumaa, wenye majani madogo yaliyojikunja na kupauka, una virusi. Vinavyoumiza zaidi ni viwili vikikutana kwenye mmea mmoja: kimoja huletwa na vidukari, kingine na inzi weupe. Ung'oe. Hakuna dawa ya kuuponya, na kila kipando utakachokata hapo kitabeba ugonjwa huohuo.

Kuhusu matembele, ushauri wangu ni kutenga tuta lake. Kila jani unalochuma lilikuwa linakilisha kiazi, na ukichuma mara kwa mara kwenye shamba la viazi utavuna kidogo.

Kazi kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kiangazi. Mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma, Singida na Shinyanga, marando hukauka yote, na ndiyo sababu mbegu nzuri ya viazi lishe, ile ya rangi ya chungwa, hupotea kijijini baada ya mwaka mmoja. Hapo mchanga unaokoa. Wakati wa kuvuna, chagua viazi vya ukubwa wa wastani, visivyo na jeraha wala tundu, kutoka kwenye mashina yenye afya. Vipange kwenye beseni lenye mchanga mkavu uliopoa, visigusane, kisha vifunike kwa mchanga zaidi. Weka ndani ya nyumba. Mchanga wenye unyevu huozesha, na mchanga uliotoka juani moja kwa moja huchemsha viazi. Kagua kila mwezi, toa vilivyooza.

Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua, panda viazi hivyo kwenye kitalu kilichozungushiwa uzio, nusu mita kati ya kiazi na kiazi, na umwagilie kila baada ya siku tatu au nne. Kiazi kimoja kinaweza kutoa vipando vinavyokaribia 40. Uzio usiuache, maana mbuzi wakiingia kitaluni siku moja tu, marando yanarudi kuwa malisho.