Tangazo la Ukombozi la Lincoln lilimwacha huru nani hasa?

Tukisikia "Lincoln aliwaacha huru watumwa" wengi tunapata picha ya mzee mwenye ndevu anatia saini halafu kesho yake kila mtumwa wa Marekani anatupa jembe anaenda zake. Wala haikuwa hivyo. Lile tangazo la Rais Lincoln la 1 Januari 1863 lilitoka Marekani ikiwa kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe, serikali yake na majimbo ya Kaskazini dhidi ya waasi wa Kusini. Lilikuwa amri ya vita, na ukilisoma utashangaa maana halina mbwembwe, limekaa kiwakili wakili tu, linataja majimbo moja moja mpaka na sehemu za Louisiana na Virginia ambazo halizihusu.

Sa kwa nini lichague? Ni hivi, katiba yao enzi hizo iliulinda utumwa, rais hakuwa na ubavu wa kuamka asubuhi akaufuta. Ila akiwa amiri jeshi mkuu anaweza kumnyang'anya adui kinachompa nguvu, na Kusini iliyojitenga ilitegemea watumwa walime, wapike, wachimbe mpaka mahandaki ya jeshi. Kwa hiyo walioko kwenye maeneo yaliyoasi ndo wakatangazwa huru. Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware, ambako utumwa ulikuwepo lakini hawakuasi, hawakuguswa, Lincoln alikuwa anaogopa wasije wakahamia upande wa pili. Tennessee nayo haimo.

Ndo maana kuna wanaosema halikumkomboa mtu. Hapo wanazidisha, visiwa vya pwani ya South Carolina vilikuwa vishatekwa na Kaskazini na havikuachwa nje, watu wa kule walikuwa huru siku ileile.

Halafu watumwa wenyewe walishaanza zamani. Mei 1861 wanaume watatu, Frank Baker, James Townsend na Shepard Mallory, waliokuwa wanatumikishwa kuwajengea waasi ngome ya mizinga, usiku wakachukua boti wakapiga makasia mpaka Fort Monroe, Virginia, iliyokuwa mikononi mwa Kaskazini. Kesho yake ofisa wa Kusini huyoo na bendera nyeupe, anawadai. Jenerali Benjamin Butler, ambaye uraiani alikuwa wakili, akamgeuzia maneno: nyie si mnasema Virginia ni nchi nyingine na hawa ni mali, basi mali ya adui inayotumika vitani nimeiteka. Akabaki nao. Habari zikasambaa, baada ya wiki chache wakawa mamia pale ngomeni. Hoja ni chafu kidogo, kumwokoa mtu kwa kumwita ngawira, lakini ilifanya kazi.

Tangazo likaichukua hoja ya namna hiyo likaifanya sera ya serikali: jeshi la Kaskazini likisogea, utumwa unakufa nyuma yake. Pia likafungua mlango wa weusi kuandikishwa jeshini, na mpaka vita inaisha walishafika karibu 180,000, wengi wao watumwa wa juzi tu. Texas ilikuwa mbali, jeshi likafika Galveston ya huko, na amri ya kuwaacha huru ikasomwa 19 Juni 1865, siku wanayoiita Juneteenth.

Kilichofuta utumwa kisheria nchi nzima ni marekebisho ya 13 ya katiba, Desemba 1865. Kentucky na Delaware walikuwa bado wanao watumwa mpaka mwezi huo, karibu miaka mitatu toka ile saini.