Jasho si mafuta

Alfajiri katika mitaa ya Mbezi Beach au Kimara, kati ya wanaokimbia na wanaoendesha baiskeli, hakosi mtu aliyevaa koti zito au aliyejifunga nailoni tumboni. Na hii ni Dar es Salaam, kwa joto na unyevu wake! Anataka kitambi kiyeyuke.

Imani hii ni ya siku nyingi, na mizani huipa nguvu: ukirudi umelowa chapachapa, unakuta uzito umeshuka kweli. Ila kilichopungua ni maji na chumvi kidogo. Ukinywa maji, uzito unarudi.

Kazi ya jasho ni kuupoza mwili, na hupoza linapokauka juu ya ngozi. Nailoni huzuia hilo. Mwili unazidi kupata joto, moyo unaenda mbio, na mkimbiaji anachoka kabla ya jirani yake mwenye fulana nyepesi. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa wakijipunguza uzito kwa mazoezi makali kwenye joto, wakiwa na mavazi yasiyopitisha hewa. Baada ya hapo suti za mpira zikapigwa marufuku katika mieleka ya vyuo.

Mafuta hutoka wapi, basi? Zaidi kwa pumzi. Yakitumika, hugeuka kabonidioksaidi na maji. Katika kilo 10, takriban 8.4 hutoka kwa kupumua. Wala huwezi kuyachagulia mahali: mwili huchota akiba yake unakotaka wenyewe, hata ukijifunga nailoni tumboni.