Je, kugusa injini ya Camaro ya 1969 kunaua thamani yake?

Wapenzi wengi wa magari ya Marekani ya miaka ya 1960 huamini kwamba ukibadili chochote kwenye injini ya Chevrolet Camaro ya 1969, thamani yake imekwisha. Imani hiyo haikuzuka hivi hivi: gari adimu lenye injini lililotoka nayo kiwandani hununuliwa ghali, na kulitenganisha nayo ni hasara.

Lakini mabadiliko hayalingani. Kuweka mfumo wa kielektroniki ndani ya distribyuta (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila silinda) badala ya pointi, yaani swichi ndogo za kimakanika, au kufunga rejeta kubwa zaidi, ni kazi inayorudishika, mradi vipuri vya awali vihifadhiwe. Kukata bodi ili injini kubwa ipate nafasi ni habari nyingine. Na gari lililokwisha kupoteza injini yake zamani (yapo mengi, maana yalikimbizwa kwelikweli) halina uhalisia huo wa kuharibiwa.

Unaweza kukagua mwenyewe. Namba ya chasisi huonekana kupitia kioo cha mbele, upande wa dereva. Tarakimu ya tatu ikiwa 4, gari lilitoka na V8, yaani injini ya silinda nane. Ikiwa 3, silinda sita. Haisemi ni V8 ipi. Kisha tazama bloku ya V8, yaani mwili mkuu wa injini: tarakimu sita za mwisho za namba ya chasisi zinapaswa kuwapo, ama mbele ya hedi (sehemu inayofunika silinda kwa juu) ya kulia, ama karibu na filta ya oili. Tarehe ya kusubiwa kwa bloku nayo sharti itangulie ya kuunganishwa kwa gari. Zikilingana, usikimbilie kulipa. Namba huweza kugongwa upya, kwa hiyo chunguza kama uso wa chuma pale umesagwa.