Mhoji msanifu majengo mchoro ukiwa mezani

Mahojiano mengi na wasanifu majengo hufia kwenye swali la kwanza: "Falsafa yako ni nini?" Mtu amekwisha kulijibu kwenye mihadhara, kwenye zabuni na kwenye tovuti ya ofisi yake, kwa hiyo jibu linakuja limepigwa pasi: mwanga, nafasi, jamii, mazingira, uendelevu. Ninapohariri nina kipimo kimoja. Nalifunika jina la anayejibu na kuweka la msanifu mwingine. Jibu likikaa sawa kwa wote wawili, nalikata, hata kama limesemwa kwa ufasaha.

Fikra za msanifu zimo kwenye maamuzi yake, na maamuzi yanaonekana kwenye mchoro. Chukua shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyosanifiwa na Francis Kéré na kukamilika mwaka 2001. Anza na "usanifu unaojali hali ya hewa" na utapewa hotuba. Anza na mchoro wa mkato, yaani jengo lililochorwa kana kwamba limekatwa wima kutoka paa hadi sakafu, na utaona paa la bati limeinuliwa juu ya dari ya matofali ya udongo, katikati pana uwazi, na bati limetokeza mbali nje ya kuta. Maswali yanajileta yenyewe. Uwazi ule unaruhusu hewa ya moto ipande kutoka darasani na kupita chini ya bati, badala ya joto la bati kuwashukia wanafunzi vichwani. Bati limetokeza kwa sababu ukuta wa udongo ukipigwa na mvua unaliwa. Sasa tazama kilichobeba bati: ni nondo za kawaida zilizochomelewa. Kwa nini nondo? Kwa sababu vipande vikubwa vya chuma vilikuwa vigumu kufikishwa kijijini na kreni haikuwa jambo la kufikirika, ilhali watu wa pale wangeweza kufundishwa kutumia msumeno wa mkono na mashine ndogo ya kuchomelea. Swali la nondo tu limeleta usafiri, ufundi, ajira na umbo la paa, bila mtu kutaja neno "falsafa".

Kwa hiyo wiki mbili kabla ya kikao omba michoro, na utaje ipi. Mimi huomba ramani ya sakafu, mkato mmoja unaopita mahali palipowasumbua zaidi, mchoro wa kina wa kiungo kimoja kwa skeli ya 1:10 au 1:5, na mchoro mmoja wa awali uliokataliwa. Ukisema "nitumie chochote ulicho nacho" utaletewa picha za kampyuta zenye machweo na watu wanaotembea na mbwa. Mkato ndio wenye siri: ramani inaonyesha chumba kiko wapi, mkato unaonyesha kimo, mwanga unakoingilia, na maji na hewa vinakopita. Ule mchoro uliokataliwa wengi husita kuutoa. Sisitiza kwa adabu, maana nusu ya mazungumzo mazuri hutoka humo.

Kama unaweza kufika kwenye jengo, nenda kabla ya kikao, na ikiwezekana nenda mvua inaponyesha. Tazama maji yanatokea wapi, rangi imebambuka wapi chini ya ukuta, pembe za madirisha zikoje. Kisha tazama watumiaji wamebadilisha nini: pazia zito juu ya kioo kilichosifiwa kwa uwazi wake, kabati lililoziba mlango, feni iliyoongezwa kwenye jengo lililoahidiwa kujipoza lenyewe. Haya usiyalete kama mashitaka. Sema ulichokiona, kisha uliza walitarajia nini. Aliye makini hueleza vizuri kuliko mkosoaji yeyote.

Kikaoni tatizo kubwa ni dogo kwa sura: neno "hapa". Msanifu anaweka kidole kwenye karatasi na kusema, "Hapa tulitaka hii ikutane na ile, lakini ikabidi tuirudishe nyuma." Mezani kila kitu kiko wazi. Kwenye rekodi hakuna kitu. Chapisha michoro kwa ukubwa wa A3, andika namba kubwa juu ya kila karatasi, na uwe na kalamu nyekundu. Kila anapoonyesha, tamka kwa sauti: "Mchoro namba 3, kona ya juu kulia, dirisha linapokutana na ukuta." Weka alama mahali hapo pamoja na dakika ya rekodi. Mwanzoni inaonekana kama usumbufu, lakini baada ya dakika chache wengi wao huanza kutaja namba wenyewe.

Ofisi nyingi za wasanifu zina sakafu ya zege na kuta za kioo, na sauti humo inarudi vibaya mno. Omba chumba chenye vitabu au mazulia, au tandaza kitambaa kizito mezani. Weka maiki sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, na kinasa sauti cha pili mbali kidogo kama akiba. Usiweke kinasa juu ya meza ile ile wanayopigapiga penseli, kwani kila pigo litasikika kuliko maneno.

Swali ninalolipenda ni hili: "Kati ya mchoro huu na jengo lililojengwa, nini kilibadilika, na nani aliomba kibadilike?" Mkandarasi, mhandisi, mteja au bajeti, mmojawapo atatajwa, na hapo ndipo mawazo yanapopimwa. Kwa makazi ya Quinta Monroy huko Iquique, Chile, ya mwaka 2004, ambayo Alejandro Aravena na timu ya Elemental walisanifu, ruzuku ilikuwa dola 7,500 kwa kila familia, ardhi na miundombinu vikiwa ndani yake. Nyumba nzima nzuri haikuwezekana. Wakajenga nusu, wakachagua nusu iliyo ngumu kwa familia kujijengea: jiko, bafu, ngazi, kuta za kutenganisha nyumba na nyumba. Swali la maana hapa linahusu mpaka wenyewe: kwa nini ngazi imo ndani ya nusu ya kwanza na chumba cha kulala kimeachiwa wenyewe waongeze?

Akimaliza kujibu, nyamaza. Hesabu tano kimoyomoyo. Jibu la kwanza mara nyingi ni la hadhira, na la pili ndilo la kazi.

Wabunifu wa vifaa wanahojiwa kwa namna nyingine kidogo, kwa sababu kitu chenyewe kinaingia mezani. Omba sampuli zilizovunjika, siyo ile iliyoshinda. Kiti kilipasukia wapi, na unene wa mbao ukapandishwa kutoka milimita ngapi hadi ngapi? Kwa kitu cha plastiki uliza kuhusu kalibu, yaani chombo kinachokipa umbo plastiki ikiwa bado laini. Ukuta wa kipande huhitaji kulala kidogo, kwa kawaida pembe ya nyuzi 1 hadi 2, ili kitoke kwenye kalibu bila kukwaruzika. Kwa hiyo mlalo mwingine tunaousifu kama mtindo umetokana na kiwanda, na mbunifu mkweli hukwambia hivyo akicheka.

Kuhariri ndiko kunakochukua muda. Saa moja ya rekodi hula saa nne au zaidi kuiandika kwa mkono, na programu za kunukuu hukosea hasa majina ya vifaa na vipimo, yaani palepale unapohitaji usahihi. Hakiki namba moja moja. "Mita za mraba 1,200" zinahesabu kuta na korido, au vyumba tu? Gharama imejumuisha ardhi, kodi na ada za wataalamu? Akisema "tofali la udongo", uliza lina saruji kiasi gani, kwani matofali ya kushindilia kwa kawaida huchanganywa na saruji kidogo, mara nyingi asilimia 5 hadi 10, na msomaji anastahili kujua. Kila "sisi" nayo iulizwe: sisi nani? Mhandisi aliyefanya paa lile lisimame asimezwe na kiwakilishi.

Mrudishie andiko ahakiki vipimo, majina na miaka, na mkubaliane hivyo kabla ya kikao, siyo baada yake. Ukimwachia andiko lote bila mpaka litarudi limegeuzwa kipeperushi cha ofisi. Picha nazo ni za aliyezipiga, hata kama ofisi ndiyo iliyokutumia, kwa hiyo omba ruhusa yake na uandike jina lake. Na picha ya kampyuta iandikwe wazi chini yake kuwa ni ya kampyuta, hasa kama jengo bado ni msingi na nondo.