Kabla hujabana valvu ya rijekti, pima maji kwanza

Wenye mashine za RO (zinazosukuma maji kwa presha kupita kwenye membreni, utando mwembamba unaozuia chumvi) kwenye visima vya chumvichumvi huku pwani karibu wote wananiuliza kitu kimoja, mbona maji mengi yanamwagwa, nusu yanatoka masafi nusu yanaenda mtaroni. Afu anakuja fundi anabana valvu ya rijekti, yaani ya yale maji ya chumvi yanayomwagwa, rikavari (asilimia ya maji yanayotoka masafi) inapanda siku hiyo hiyo na kila mtu anafurahi. Mimi hiyo naipinga kabisa.

Hesabu yake iko hivi: ukitoa nusu ya maji, karibu chumvi yote inabaki kwenye nusu nyingine, kwa hiyo rijekti inakuwa kali mara 2. Asilimia 75 ni mara 4, asilimia 80 mara 5, asilimia 90 mara 10, yaani kutoka 80 kwenda 90 tu ukali unakuwa maradufu! Presha lazima iongezeke ila hiyo pampu inaimudu. Kinachoua mashine ni kalsiamu, salfeti na silika (madini ya mchanga yaliyoyeyuka), zikizidi kile maji yanachoweza kubeba zinaganda juu ya membreni kama gamba jeupe la kwenye birika. Gamba la kalsiamu kaboneti unalitoa kwa asidi, la silika ndo balaa, mara nyingi likishakaa unanunua membreni mpya. Maji ya nyuzi 25 yanabeba silika kama miligramu 120 kwa lita, sasa kisima chenye 40 ukikipeleka asilimia 75 rijekti ina 160, na bila antiskalanti (dawa ya kuzuia gamba) ya silika hapo hufiki mbali. Mita ya TDS (inayopima jumla ya chumvi iliyoyeyuka) haikwambii silika ni ngapi, peleka sampuli maabara.

Kingine ni mpangilio. Membreni moja ya urefu wa mita 1 isitoe maji masafi zaidi ya asilimia 15 hivi ya yanayoingia, ndo mana bomba lenye membreni 6 zilizofuatana ndani linakupa kama nusu tu. Ukitaka 75, rijekti ya mabomba mawili ya kwanza iingize kwenye bomba moja la hatua ya pili, maji yamepungua nusu na mabomba yamepungua nusu kwa hiyo kasi inabaki ile ile, na kasi ndo inayozuia chumvi isitulie juu ya membreni. Mashine ndogo ya bomba moja unaweza kurudisha sehemu ya rijekti kwenye pampu, inasaidia, ila umeme unaongezeka na maji masafi yanabaki na chumvi zaidi kidogo.

Kiwanda cha kuondoa chumvi kwenye maji cha Kay Bailey Hutchison kule El Paso, Texas, kilichofunguliwa 2007, kinaishia asilimia 80 na kitu, na silika ni moja ya vitu vinavyowabana. Rijekti yao wanaisafirisha kwa bomba mpaka visima virefu vya kuitupia, mbali na vile vya kuvuta maji. Huku nakuta shimo la rijekti limechimbwa hatua chache tu kutoka kisimani. Chumvi ile inashuka, inarudi kisimani, maji ghafi yanazidi kuwa makali, na ile rikavari uliyoihangaikia inabidi uishushe tena.