Gari inalia: ya gerejini na ya kweli

"Shokapu hizo, sheikh. Badilisha." Hukumu hii hutoka kabla jeki haijaingia chini ya gari, na kwa kuwa njia zetu nyingi za shamba hapa Unguja ni mashimo matupu, kila mtu huiamini. Lakini shokapu iliyokufa kwa kawaida hurusha kuliko inavyogonga. Ukishavuka tuta, gari huendelea kuinama na kuinuka, na ukichungulia nyuma ya tairi utakuta shokapu imelowa mafuta. Ile ko-ko-ko unayoisikia ukienda polepole mashimoni mara nyingi hutoka kwenye vitu vya bei nafuu zaidi: linki za stebilaiza (vijiti vinavyoshika fito ya chuma inayounganisha tairi za pande mbili), bushi, yaani raba, za amu ya chini (mkono wa chuma unaoshika tairi), au raba inayoshika kichwa cha shokapu.

Kuna jaribio lisilo na gharama. Vuka tuta polepole, tairi zote mbili za mbele zipande pamoja. Kisha pita mahali ambapo tairi moja tu itaingia shimoni. Ikiwa mara ya kwanza ni kimya na ya pili inagonga, anza na linki, kwa sababu stebilaiza hujipinda pale tairi moja inapopanda na mwenziwe akabaki chini. Boljointi, kile kiungo cha kitufe kinachoshika tairi kwenye amu, nayo iangaliwe siku hiyo hiyo. Ikichomoka, tairi hukunjika na gari ikalala njiani, na hiyo haisubiri mshahara.

Hapo ndipo ugomvi wangu na gereji nyingi ulipo. Mteja hujitahidi kuigiza sauti kwa mdomo, fundi anaitikia kwa kichwa, na spea inanunuliwa. Hakuna aliyeuliza gari inalia *lini*: ikipanda tuta, ikikata kona, ikiwa baridi, ukikanyaga breki? Jibu la swali hilo huokoa pesa kuliko masikio ya fundi yeyote.

Chukua mvumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Wengi husema gia boksi, na mwenye gari akakosa usingizi. Watuhumiwa wa kwanza ni tairi zilizolika vibaya na beringi za tairi. Mvumo wa tairi hubadilika lami inapobadilika. Wa beringi hauijali lami. Kwenye kona pana ya kulia uzito huhamia tairi za kushoto, kwa hiyo mvumo ukizidi hapo, shuku beringi ya kushoto. Na ile tak-tak-tak inayokuja usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho huku gari inatembea, huo ni ugonjwa wa jointi ya shafti ya mbele, ile inayozungusha tairi. Tazama raba yake: ikishapasuka, grisi hutoka, mchanga huingia.

"Breki zinalia kwa vumbi tu." Nusu kweli. Kwa hewa yetu ya chumvi, gari iliyolala nje usiku wa mvua huamka na kutu nyepesi juu ya diski. Utakanyaga mara mbili tatu, itakwaruza, itanyamaza. Huo si ugonjwa. Mlio mwembamba unaorudi kila siku ni jambo jingine: pedi nyingi za breki zimewekewa kibati makusudi, kiiguse diski pedi zikikaribia kwisha, ili dereva asikie. Ukipuuza mpaka sauti igeuke kuwa ya kusaga, chuma kinakula chuma na utanunua diski pia. Wapo wanaopaka grisi kwenye pedi ili kelele ife. Kelele hufa, na breki nazo hufa. Grisi maalumu ya breki ina mahali pake, nyuma ya pedi na kwenye pini za kalipa (kile kibanio cha pedi), kamwe si upande unaogusa diski.

Mkanda wa injini ukipiga yowe, dawa ya mtaani ni kipande cha sabuni. Hunyamaza kidogo tu. Ili kujua tatizo, nyunyizia maji kidogo upande wa mkanda wenye mifereji, injini inaunguruma, mikono na kanzu vikiwa mbali. Kelele ikizidi, mkanda umelegea. Ikinyamaza kisha ikarudi, huenda puli hazikai mstari mmoja.

Ninalolichukia zaidi ni "tia oili nzito, itatulia." Gari zetu nyingi zimetumika Japani kabla ya kufika hapa, na injini zake ndogo mara nyingi zilitengenezwa kwa oili nyepesi kama 0W-20 au 5W-30. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kupanda juu ya injini unapowasha asubuhi, saa ambayo chuma kinaihitaji kuliko zote. Anza kwa kuchomoa kijiti cha kupimia oili, gari ikiwa pahala tambarare na injini imezimwa dakika chache. Tik-tik ya juu ya injini yaweza kuwa oili iliyopungua tu. Lakini kugonga kuzito kunakotoka chini, pamoja na taa nyekundu ya oili, zima papo hapo, hata kama uko katikati ya msitu wa Jozani na wageni wanataka kuwahi Paje. Gari ivutwe.

Siku hizi kuna imani mpya: "Ipime kwa kompyuta." Kompyuta husoma sensa, vile vipimo vya umeme vilivyomo garini. Hitilafu ya plagi itaionyesha, lakini linki iliyolegea haina sensa, wala bati la kukinga joto la ekzosi (bomba la moshi) lililoliwa na kutu likabaki linachezacheza. Bati hilo utaligundua kwa kuligonga kwa ngumi, ekzosi ikiwa imepoa, na kwa kawaida klampu moja hulinyamazisha.