Mtaala mpya wa uhandisi wa migodi hauachi elimu ya miamba
Wengi huamini kwamba, kwa kuwa migodi sasa hutumia mitambo inayojiendesha, vyuo vikuu vinapaswa kupunguza masomo ya miamba na uingizaji hewa ili kupisha kompyuta. Kwa kweli masomo hayo hutegemeana: programu inayokokotoa uthabiti wa ukuta wa mgodi hulishwa takwimu za nguvu ya mwamba na mwelekeo wa nyufa zake, na mhandisi asiyewahi kuvipima kwa mikono yake ni vigumu atambue jibu lisilowezekana. Hata magari ya umeme, ingawa hayatoi moshi wa dizeli, hayaondoi vumbi wala gesi za baruti chini ya ardhi, hivyo uingizaji hewa bado unahitajika. Anayetaka kuhakiki kama masomo hayo yamebaki alinganishe mihtasari ya kozi ya zamani na mipya, akiangalia hasa saa za maabara na za mafunzo mgodini.